Kompaila inaisoma stringi yako ya printf, ila siyo kila mara

Hebu tuanze na laini hii moja ya C, inatumia printf, ile fanksheni ya kuchapa maandishi kwenye skrini, iangalie vizuri kabla hujashuka chini:

printf("%f %d\n", 7, 2.5);

Vialama vimegeuzwa, si unaona, %f inataka namba ya desimali imepewa 7, %d inataka namba nzima imepewa 2.5. Nikiwauliza watu hii itachapa nini wengi wanasema takataka, wengine wanasema programu itakufa. Sasa iendeshe kwenye laptop ya kawaida ya Linux ya biti 64. Inachapa 2.500000 7. Yaani kila namba imeenda kwa mwenyewe, na mtu anaweza akafunga laptop hapo akaenda kulala akiamini printf ina akili sana.

Haina. Kwenye Linux ya x86-64 utaratibu wa kuita fanksheni unasema namba nzima na pointa zinapita kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za kundi moja, rdi, rsi, rdx na wenzake, na namba za desimali zina kundi lao tofauti kabisa, xmm0 mpaka xmm7. Stringi ikakaa rdi, 7 ikaenda rsi, 2.5 ikaenda xmm0. printf ilipofika kwenye %f ikachungulia xmm0 ikakuta 2.5, ilipofika kwenye %d ikachungulia rsi ikakuta 7. Bahati tu. Ichukue hiyohiyo uipeleke Windows, au kwenye Mac zile za chipu ya M1, ambako agumenti za fanksheni za aina hii zinapitishwa kivingine, utaona kitu kingine kabisa.

Shida ni kwamba printf haina njia yoyote ya kujua umeipa nini. Zile nukta tatu kwenye tamko lake, int printf(const char *, ...), maana yake leta chochote, idadi yoyote, na vikishaingia ndani vimeshavuliwa aina zao, hakuna tena int wala double, kuna biti tu kwenye rejista na kwenye steki. Kinachoiambia ichukue ngapi na za aina gani ni ile stringi peke yake. Stringi ikidanganya na printf inadanganyika. Na kiwango cha lugha ya C hakimlazimishi mtengeneza kompaila akague, kinasema tu ukikosea hapo chochote kinaweza kutokea, utajua mwenyewe.

Kwa hiyo huu ukaguzi tunaouzoea ni hisani ya walioandika kompaila, ndiyo maana unatofautiana kila mahali. Clang na GCC ni kompaila mbili maarufu za C. Clang inakuambia bila kuombwa. GCC kama ilivyotoka kwa wenyewe inanyamaza mpaka uipe -Wall, chaguo la kuwasha maonyo, ambayo ndani yake ina -Wformat. Ila ukiwa Ubuntu utaiona GCC inaongea hata bila -Wall, maana wao waliwasha -Wformat na -Wformat-security tangu toleo la 8.10 la mwaka 2008. Hii imeshazua ubishi usio na maana mara nyingi, mmoja anakompaili kwake anaona waningi (maonyo ya kompaila), mwenzake yuko distro nyingine haoni kitu, wanaanza kulaumiana kwamba mafaili hayafanani. Yanafanana.

Sasa inakaguaje? Wala siyo uchawi. Kompaila ikikutana na fanksheni inayoijua kwamba ni ya ukoo wa printf, inachukua ile stringi, ilimradi umeiandika hapohapo ndani ya alama za kunukuu, inaanza kuisoma herufi kwa herufi vilevile printf itakavyoisoma baadaye programu ikiwa inatembea. Inapita mpaka ikute %. Baada ya hapo inatafuta bendera, vile vialama kama -, +, 0 au hata nafasi tupu (nafasi tupu ishike akilini, nitairudia huko chini kwa sababu sisi tunaoandika Kiswahili inatuhusu kuliko mtu yeyote), halafu upana, halafu nukta na idadi ya desimali, halafu urefu kama h, l, ll, z, na mwisho herufi inayosema aina. Kwenye GCC shughuli hii yote iko kwenye faili linaitwa c-format.cc, ukilifungua sehemu kubwa utakuta majedwali: herufi hii ikiwa na urefu huu inataka aina hii, bendera hizi ruksa, hizi hapana, na imeanza kwenye kiwango kipi cha lugha. Ikimaliza kialama kimoja inachukua agumenti inayofuata, inalinganisha aina, inasonga mbele. Nyota nayo inahesabiwa, "%*d" inakula agumenti mbili, ya upana na ya namba yenyewe. Mwisho inaangalia kama kuna agumenti imebaki haina mwenyewe.

Kuna kitu kimoja hapa watu wanakichanganya. Unapopitisha float kwenye nukta tatu inageuzwa kuwa double kabla haijafika, na char na short zinageuzwa kuwa int. Ndiyo maana kwenye printf %f inatosha kwa float na double zote, kompaila haikusumbui. Kwenye scanf, ile ya kusoma anachoandika mtumiaji, mambo ni mengine, kule hupitishi namba, unapitisha anwani ya mahali pa kuandika, na anwani haigeuzwi. Ukiandika float bei; halafu scanf("%lf", &bei), scanf itaandika baiti 8 mahali penye baiti 4, na zile 4 za ziada zinaangukia juu ya variabo ya jirani. Ukigeuza, double na %f, zinaandikwa baiti 4 kati ya 8 na bei yako inakuwa namba ya ajabu ambayo hata huwezi kukisia imetoka wapi. Na ile ya kusahau alama ya &, scanf("%d", umri), hapo umri ukiwa na 0 ndani yake scanf inaenda kuandika kwenye anwani 0. Zote tatu -Wall inazikamata na inakuonyesha hadi kidole, Clang inakupa na pendekezo la kialama sahihi.

Isichokamata ni scanf("%s", jina) pale jina likiwa na nafasi ya herufi 20. Aina ziko sawa, %s inataka char *, imepewa char *, kompaila imeridhika, na mtumiaji akiandika jina refu kama majina ya baadhi yetu yalivyo yanafurika mpaka nje. Upana unauweka mwenyewe, "%19s", nafasi moja inabaki ya sifuri ya mwisho. Binafsi scanf na stringi nimeshaachana nazo, ni fgets basi.

Tuje kwenye sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike hii posti. Ofisi moja walikuwa na programu ya C ya kukusanya usomaji wa mita za maji kwenye mtandao. Imeandikwa vizuri, inakompailiwa na -Wall na -Wextra, haitoi waningi hata moja, na mwenye nayo anajivunia hilo kweli. Inatembea vizuri, mita zinasomwa, data inaingia. Ila mita moja ikipotea hewani programu nzima inalala. Ikazuka imani pale ofisini kwamba mita zikiharibika zinaiangusha seva, mafundi wakawa wanatumwa kukagua waya na umeme. Laini yenyewe ilikuwa ya namna hii:

andika_logi(ERORI, "mita %s imegoma, namba ya kosa %d", kosa, mita);

Zimegeuzwa. %s ikapewa namba ya kosa, tuseme 113 ambayo kwenye Linux ndiyo ile ya kwamba hakuna njia ya kufika huko, ikaichukulia kama anwani, ikaenda kusoma memori kwenye anwani 113, na mfumo ukaiua hapohapo. Na angalia ilipokaa, kwenye njia ya makosa. Laini za kawaida zinapita mara elfu kwa siku, zingekuwa na kasoro zingeonekana asubuhi ileile, lakini laini ya kosa inaendeshwa siku kosa limetokea, yaani siku ambayo ndiyo unaihitaji logi kuliko siku zote ndiyo siku logi inakuua. Bagi za printf nyingi nilizowahi kuziona kwenye kazi za watu zinaishi huko.

Mbona -Wall ilinyamaza? Kwa sababu andika_logi siyo printf. Kompaila inazijua printf, fprintf, snprintf, scanf na ndugu zao wa laibrari ya kawaida, hii ya kwako kwake ni fanksheni tu yenye nukta tatu, na stringi yenye asilimia ndani haiihusu. Na hakuna mradi wa maana usio na fanksheni yake ya logi, ndiyo kitu cha kwanza watu wanaandika, kwa hiyo sehemu kubwa ya stringi zako za fomati hazikaguliwi na mtu yeyote na wewe umeona skrini safi ukajua uko salama. Dawa yake ni laini moja kwenye faili la heda:

void andika_logi(int ngazi, const char *fomati, ...)
    __attribute__((format(printf, 2, 3)));

Hapo unaiambia kompaila: hii ina tabia za printf, stringi ni agumenti ya 2, za kukagua zinaanzia ya 3. Basi. GCC na Clang zote zinaelewa. Ukikompaili tena ile laini ya mita inapigwa waningi mara mbili, kialama kwa kialama. Kama fanksheni yako inapokea va_list (agumenti zilizokwishafungwa pamoja) badala ya nukta tatu, ile namba ya mwisho unaweka 0, maana agumenti hazionekani, itakagua stringi yenyewe tu kama imeandikwa sawasawa. Kwenye C++ ukiwa ndani ya klasi kumbuka this imejificha mbele na inahesabiwa, kwa hiyo namba zote zinasogea moja, hii inawapiga wengi chenga. Mbali na printf kuna scanf, strftime na strfmon unaweza kuzitaja pale. Na kama mradi ni mkubwa hujui uanzie wapi, GCC ina -Wsuggest-attribute=format, inakuonyesha fanksheni zinazofanana na printf ambazo hazijawekewa hii kitu.

Wazo lenyewe la zamani, wazee wa lint, programu ya zamani ya kukagua kodi ya C, walikuwa wanaandika koment ya PRINTFLIKE juu ya fanksheni kwa kazi hiihii.

Onyo tu, ukiweka hiyo laini kwenye mradi wenye umri utamwagiwa waningi mpaka ujute. Usiogope na usizime. Nyingi zitakuwa %d iliyopewa size_t au long, ambazo kwenye mashine ya biti 64 zinachapa nusu ya chini ya namba na zinaonekana sawa mpaka siku namba ikivuka bilioni 2 na kidogo. Hizo zinangoja. Anza na zote zenye %s, hizo ndizo zinaua, halafu zenye agumenti pungufu, halafu hizo nyingine uzipunguze taratibu: size_t ni %zu, int64_t ni PRId64 kutoka inttypes.h, haipendezi machoni ila inafanya kazi.

Na hapa kwenye ukubwa wa namba kuna mtego mwingine. Kompaila inakagua kwa ajili ya mashine unayoikompailia sasa hivi, siyo mashine zote duniani. Kwenye Linux ya biti 64 time_t (aina ya kuhifadhia muda) ni long, ukiichapa na %ld hakuna kelele yoyote. Chukua programu hiyo uipeleke kwenye Debian 13 ya ARM ya biti 32, ambako time_t imeshahamishiwa biti 64 ili ule mwaka 2038, ambapo hesabu ya sekunde ya biti 32 inajaa, usiwakute, huku long bado ni biti 32. %ld inachukua nusu, na agumenti zinazofuata zote zinasomwa mahali siyo pake. Igeuze kuwa long long na utumie %lld popote unapochapa muda. Na kama bidhaa yako inaenda kwenye vibodi vidogo basi kompaili na za huko pia, waningi za laptop yako hazitoshi.

Tangu GCC 7 ya mwaka 2017 ukaguzi umeenda mbele kidogo, siku hizi inahesabu hata ukubwa wa matokeo. Una char jina[8] na unaandika sprintf(jina, "mita-%04d", n), inakuambia kialama hicho kitaandika baiti kati ya 4 na 11 mahali palipobaki baiti 3. Hiyo 11 ni ile namba hasi kubwa kuliko zote pamoja na alama yake ya kutoa. Mimi hii imenifurahisha kuliko zote, japo wengine wanailalamikia kwamba ina kelele, hasa ile ya snprintf.

Sasa, hayo yote yanategemea stringi iwe imeandikwa pale. Ukiandika printf(ujumbe), ambapo ujumbe ni kitu kimetoka kwa mtumiaji au kwenye faili au kwenye mtandao, kompaila haina cha kusoma. Na hapo ndipo panaponoga kwa wadukuzi, kwa sababu ya kialama kimoja kinaitwa %n. Hiki hakichapi kitu, kinaandika. Kinachukua agumenti kama anwani na kuweka pale idadi ya herufi zilizochapwa mpaka muda huo. Mtu akiweza kukuingizia stringi ya fomati, ana %x na %p za kuchungulia steki yako na %n ya kuandika kwenye memori yako. Mwezi Juni 2000 seva ya FTP iliyokuwa inatumika sana wakati huo, wu-ftpd, ilipatikana na tundu la aina hii kwenye amri ya SITE EXEC, mtu wa mbali anaingia mpaka kuwa root, yaani mwenye mamlaka yote ya mashine. Ukadhani somo limeeleweka. Mwaka 2012 ikaonekana sudo, ile amri ya kukupa mamlaka ya root, sudo yenyewe ninayoiamini mimi na wewe, kuanzia 1.8.0 mpaka 1.8.3p1, ilikuwa inachukua jina la programu iliyoitwa na kulibandika ndani ya stringi ya fomati ya logi zake za kutafutia makosa, kwa hiyo mtu anatengeneza kiungo cha sudo chenye vialama vya asilimia kwenye jina na kuiita kupitia hapo. Mwaka 2021 ikawa zamu ya iPhone, unaunganisha simu na Wi-Fi iliyopewa jina la %p%s%s%s%s%n na Wi-Fi ya simu inagoma kuwaka mpaka ufute mipangilio ya mtandao. Apple wakaziba kwenye iOS 14.7. Jina la Wi-Fi tu jamani.

Kwa hilo kuna -Wformat-security, inapiga kelele kwenye printf(ujumbe) isiyo na agumenti nyingine, Clang imeiwasha yenyewe, na marekebisho ni ya sekunde, printf("%s", ujumbe). Kuna -Wformat-nonliteral iliyo kali zaidi, inakataa stringi yoyote isiyoandikwa hapohapo. Hizi zote unazipata kwa mkupuo ukiandika -Wformat=2. Ila hata hiyo kwenye GCC inawaachia vprintf na vfprintf, zile za va_list, kwa hoja kwamba stringi imetoka kwa aliyeita na yeye ndiye akaguliwe. Ndiyo mlango ule wa sudo, stringi ilitengenezwa ndani kwa ndani na kupelekwa vfprintf, kwa hiyo nisikudanganye kwamba ukiwasha kila kitu basi yamekwisha. Kinachosaidia hapo ni _FORTIFY_SOURCE=2, ukiwa unakompaili na -O pia, glibc, laibrari ya C ya Linux, ikikuta %n kwenye stringi iliyoko kwenye memori inayoandikika inasimamisha programu palepale. Windows wao waliamua %n ije imezimwa kabisa, na mimi naona ndiyo uamuzi wa maana, sijawahi kumuona mtu anaitumia kwa shughuli ya halali.

Wajanja wa kerneli ya Linux wana yao. printk, printf ya humo kernelini, ina vialama vya ziada, %pI4 kuchapa anwani ya IP, %pM kuchapa MAC, na wameviweka vyote nyuma ya %p makusudi: kompaila inaona %p, inadai pointa, inapata pointa, zile herufi za nyuma inadhani ni maandishi tu. Ukaguzi unaendelea kufanya kazi bila kuguswa. Hasara yake, ukiipa %pI4 pointa ya kitu ambacho siyo IP hakuna atakayekushtua.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "tumia Rust". Sawa. println! ni makro, stringi lazima iwe imeandikwa pale, ukiipa variabo peke yake haikompaili. C++20 nayo ina std::format ambayo stringi mbovu ni erori, siyo waningi. Go ndiyo naipenda zaidi kwa hili, go vet inagundua yenyewe kwamba fanksheni yako inapeleka mambo kwenye Printf na inaanza kuikagua bila kuambiwa, na tangu Go 1.10 go test inaiendesha hiyo hata usipokumbuka. GCC ingeweza kujifunza hapo. Lakini C iliyoko kwenye vifaa haitaandikwa upya wiki ijayo.

Sasa ile nafasi tupu niliyosema. Kwa kuwa nafasi ni bendera halali baada ya %, alama ya asilimia ikifuatiwa na nafasi halafu neno, herufi ya kwanza ya neno inaweza kugeuka kuwa kialama. Kiingereza kinawapiga wenyewe kwenye "50% done", ile % d ni namba nzima. Kiswahili tumebarikiwa zaidi. "50% imekamilika" ina % i, namba nzima tena, itachapa namba ya kuokota ikifuatiwa na mekamilika. "Asilimia 30% unalipa sasa" ina % u. "10% cha juu" ina % c. Na mbaya kuliko zote, "Punguzo la 20% na usafiri bure". Hiyo ni % n. Tangazo la duka na ndani yake kuna amri ya kuandika kwenye memori. Kwa kiwango cha C, %n kuwekewa bendera ni chochote kinaweza kutokea, na glibc inaichukulia kama %n ya kawaida, inaokota kilichoko kwenye rejista na kuandika hapo. Ukiwa na -Wall utaambiwa kwamba %n inataka int * na haijapewa. Andika %% uendelee na maisha.

Lakini maandishi ya Kiswahili mara nyingi hayako kwenye faili la C, yako kwenye tafsiri, faili la .po la gettext (laibrari ya kutafsiri programu), na huko kompaila haifiki. Ukiandika printf(_("%d files in %s\n"), idadi, folda) inakagua Kiingereza tu, kwa sababu gettext imewekewa atributi ya format_arg inayosema stringi inayotoka inafanana na iliyoingia, na kompaila inaamini. Mtafsiri anakuja, anaona kwa Kiswahili kizuri ni "Folda ya %s ina faili %d\n", kwa masikio ni sahihi kabisa, na programu inakufa kwa kila mwenye sw_TZ au sw_KE na haifi kwa mwingine yeyote, halafu msimamizi wa mradi aliyeko Ujerumani anajaribu kwake anasema mbona inafanya kazi. Mpangilio ukigeuka inabidi kutaja namba za agumenti, "Folda ya %2$s ina faili %1$d\n", na ukianza kuzitaja kwenye stringi moja unazitaja zote, huwezi kuchanganya.

Wa kukagua huku ni msgfmt -c, chombo cha gettext. Inasoma msgid (maandishi ya asili) na msgstr (tafsiri) zenye alama ya c-format, inalinganisha vialama kimoja kimoja, na hiyo ya folda itaikataa kwa kusema agumenti ya 1 haifanani pande mbili, na "50% imekamilika" itaikataa kwa sababu idadi ya vialama imezidi. Miradi mingi inajenga .mo (faili la tafsiri linalosomwa na programu) bila hiyo -c. Kama unatafsiri programu yoyote kwa Kiswahili iendeshe kwako kabla hujatuma, msgfmt -c -o /dev/null sw.po, na kama wewe ndiye mwenye mradi iweke kwenye CI (ukaguzi unaojiendesha kila kodi ikibadilika) pamoja na -Wformat=2.